Mahaba ya Saa Nne Asubuhi

Shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu, hushona mito. Mtaa mzima humwita Mama Mito, na nadhani wapo wateja wanaoamini kuwa hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Chumba chake cha kazi ni kimoja, chenye dirisha linalotazama njia, meza ndefu ya kukatia vitambaa, cherehani nyeusi ya kanyagio, na magunia ya sufi yaliyorundikwa mpaka karibu na dari. Ukiingia humo na shati jeusi utatoka umezeeka, maana sufi hukukalia kichwani na mabegani kama mvi.

Nimesema sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Kijana wa leo ukimtajia sufi anakutazama kama uliyetaja mnyama wa porini. Yeye hulalia sponji, kitu kinachokatwa kiwandani kama sabuni, kikanuka dawa mwezi mzima, na kabla hujakizoea kimeshalala bapa. Mto wa sufi ulikuwa na haki zake. Uliuanika juani, ukaupiga kwa fimbo, ukaufumua na kuujaza upya, na wewe ulipokufa ulimwachia mwanao. Mama Mito alifundishwa kazi hiyo na mama yake. Siku hizi wateja wake ni wazee wenzangu, na sisi tunazidi kupungua. Wengine humletea foronya tu azitie pindo, na hata hizo wanataka kesho yake.

Mumewe, ndugu yangu, alikuwa mtu mwema na mkimya. Nasema mkimya kwa kuwa ni ndugu yangu. Mtu baki angesema bubu. Alikuwa mpima mizigo ghalani. Jioni alirudi, akanawa, akala, akakunja mikono kifuani na kutazama ukuta mpaka usingizi umchukue. Hakumpiga mkewe, hakumtukana, hakumnyima kitu. Siku tulipomzika, Mama Mito aliniambia, "Shemeji, nitamkumbuka sana, lakini sijui nitakumbuka alisema nini." Nilidhani ni majonzi yanayomsemesha. Nikampa pole, nikaenda kugawa maji kwa wageni.

Sasa nizungumzie benchi, maana bila benchi mkasa huu usingetokea. Zamani kila duka katika njia yetu lilikuwa na benchi mbele, na kila benchi lilikuwa na watu wake. Ulinunua msumari mmoja ukakaa mpaka adhuhuri. Nilijifunza mambo mengi katika mabenchi yale kuliko nilivyojifunza kwenye magazeti ya kufungia bidhaa, ambayo ndiyo yaliyokuwa shule yangu. Mabenchi yameng'olewa. Wenye magari wanataka mahali pa kuegesha. Watu wawili wakikaa pamoja leo, kila mmoja ameinamia simu yake kama anayetafuta chawa. Limebaki benchi moja tu, kati ya mlango wa Mama Mito na mlango wa Fundi Cherehani, nalo limebaki kwa sababu miguu yake imezama kwenye saruji na hakuna aliyetaka kuhangaika nayo.

Fundi Cherehani ni Mturuki. Alikuja kufunga mashine katika kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa, yeye akabaki na sanduku lake la bisibisi. Ni mtu mfupi mwenye masharubu ya kijivu, naye alifiwa na mke huko kwao. Kiswahili chake alikiokota njiani, kipande hapa kipande pale, akakiunganisha bila kujali ngeli. Cherehani kwake hukohoa, huumwa na kukasirika. "Mashine yako anataka mafuta," atakuambia, "yeye amenuna."

Siku moja mkanda wa cherehani ya Mama Mito ulikatika. Fundi akauunga, Mama Mito akaleta birika la chai na vikombe viwili, wakakaa benchini. Wakaongea. Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye, na alinieleza huku akikata uzi uliokuwa umeshakatwa. Chai ilipokwisha, Fundi aliweka kiganja kifuani akasema, "Muhabbet. Leo muhabbet nzuri sana."

Mama Mito akasikia kitu kama muhabeti. Akamuuliza taratibu, maana neno lilimgonga, "Muhabeti ndiyo mahaba?"

Fundi akaruka kwa furaha. Alijua kuwa lugha yake ilichota kwa Waarabu, na yetu pia ilichota huko huko, basi akaona maneno haya mawili ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. "Ndiyo! Mahaba! Kwenu mahaba, kwetu muhabbet! Mimi napenda sana mahaba, Mama Mito. Mtu bila mahaba ni kama cherehani bila mafuta. Kesho tena?"

Mama Mito akaingia ndani, akakaa juu ya gunia la sufi. Hakumbuki alikaa kiasi gani. Anachokumbuka ni kwamba alisema, "Kesho."

Hapo ndipo penye kitanzi. Kwa maana wakati huo huo alikuwa ameshaposwa. Mzee wa Mbao, mjane wa kiume mwenye kiwanja cha mbao nyuma ya soko, mtu wa heshima zake, alikuwa amemtuma mtoto wa marehemu ndugu yangu, dereva wa lori anayemchukulia mbao zake, kumpelekea mama yake salamu za posa. Mama Mito alikuwa ameomba muda wa kufikiri. Asubuhi iliyofuata muhabeti ile akamwambia mwanawe, "Mpe shukrani. Mwambie hapana. Kuna mtu amenitamkia."

Mwanawe hakumuuliza ni nani. Hakuhitaji. Aliambiwa na njia nzima.

Alikuja kwangu funguo za lori zikiwa bado mkononi. Hata hakukaa.

"Baba mkubwa, mama anafanya mahaba."

"Anafanya nini?"

"Mahaba! Na Fundi Cherehani. Saa nne asubuhi. Benchini."

"Benchini pale penye watu?"

"Watu ndio walioniambia! Wanasema anamwita kwa sauti, 'Mama Mito, mahaba ya jana tamu sana, leo tena?' Muuza ndoo amesikia. Kinyozi amesikia. Wateja wa kinyozi nao, na sabuni masikioni, wamesikia."

Nilimwambia akae kitako. Nikatoa kamusi yangu, kwa kuwa mimi nikitatizika hukimbilia huko. Ni kamusi ya zamani, haina jalada, na mchwa waliwahi kuingia ndani yake. Nikafungua kwenye M. Nikafika mafuta, na baada ya mafuta likafuata shimo, na ng'ambo ya shimo nikaibukia kwenye maji. Mahaba yote yameliwa, na mahari pia.

"Imeandikwaje?" akauliza.

"Imeliwa," nikasema.

Kesho yake saa nne tukaenda wenyewe. Sijui nilitarajia kuona nini. Niliona watu wawili wazima wamekaa benchini, birika katikati yao, Mama Mito anashona kifungo huku Fundi akimweleza habari za punda wa babu yake. Fundi alipotuona alinyanyua mikono yote miwili.

"Mzee! Karibu! Sisi tunafanya mahaba, kwetu muhabbet. Kaa na wewe, fanya! Watu watatu, wanne, mahaba inazidi tamu!"

Mtoto wa ndugu yangu alishika ukuta. Mimi nilimtazama shemeji yangu, naye alikuwa ameinamisha uso, lakini niliona nyusi zake zimekunjana. Hata yeye hakuelewa. Kama anampenda, mbona anatukaribisha sote?

Tukasema tuna haraka. Tukavuka njia hadi kwa Mwenye Majora, muuza vitambaa, ambaye nyumbani kwake husemwa Kiurdu, tukamuuliza neno hilo la Fundi. Alikuwa juu ya ngazi akipanga majora ya hariri ya bandia.

"Muhabbat?" akasema, akashuka vipandio viwili ili tusikilizane. "Mzee, hilo si neno la kuuliza, hilo ni neno la kukimbia! Kwetu kijana akilisema, wazazi wanaita kikao. Nyumba zimegawanyika kwa neno hilo."

"Hakuna maana nyingine ndogo ndogo?"

"Lipo neno jingine kubwa zaidi. Ishq. Mwenye muhabbat anakula na kulala. Mwenye ishq hali, halali, na dukani haonekani. Fundi anakula?"

"Anakula," akasema mtoto wa ndugu yangu kwa uchungu.

"Basi ni muhabbat. Poleni."

Ishq, nikawaza, nasi tunasema ashiki. Kumbe tumegawana hata maradhi.

Pembeni mwa duka lile hukaa Mtengeneza Mazulia, mzee aliyezaliwa katika Kiajemi, na siku hiyo alikuwa anashona upindo wa zulia lililochanika. Alikuwa ametusikia. Akatikisa kichwa.

"Msimsikilize, huyu ana damu moto. Kwa Kiajemi muhabbat ni wema. Wewe ukinishikia ngazi, umenifanyia muhabbat. Mmekuja kuniuliza mimi mzee badala ya kunipita, mmenifanyia muhabbat. Asanteni."

"Kwa hiyo mtu akimwambia shemeji yangu kwamba anataka muhabbat naye kila siku?"

Akafikiri. "Pengine anataka amwazime kitu."

Tukasimama katikati ya njia. Pikipiki zinatupigia honi. "Baba mkubwa," mtoto wa ndugu yangu akaniambia, "huyu anasema penzi, yule anasema ngazi. Mama ametongozwa au ameombwa ngazi?"

Nilihisi kichwa changu kimekuwa kama kamusi yangu. Neno moja limetoka kwa Waarabu, likapita katika nyumba nne, na kila nyumba limevua nguo na kuvaa nyingine, na sasa limesimama mlangoni kwetu na sisi hatujui tulipe kiti au tuliite polisi.

Tukamngoja Fundi abaki peke yake, tukaingia karakana kwake. Kulikuwa na vichwa vya cherehani vimelazwa juu ya meza kama wagonjwa. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Fundi, muhabbet ni nini?"

Akashangaa kwamba mtu wa umri wangu hajui. "Muhabbet? Watu wawili. Chai. Mdomo." Akafumba na kufumbua vidole vyake kama mdomo wa bata. "Wewe unasema, mimi nasema. Wewe unacheka, mimi nacheka. Saa inakwenda, hakuna mtu anatazama. Hiyo."

"Soga!" nikasema. "Gumzo! Mazungumzo ya kupitisha wakati!"

"Soga ni nini?"

Swali hilo halijanitoka kichwani hadi leo. Mtu ameishi nasi mpaka masharubu yamebadilika rangi. Anajua bei, anajua foleni, anajua kesho njoo, anajua tumefunga. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumfundisha soga, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye akapiga soga.

Mtoto wa ndugu yangu, kwa haya ya mtu kusema na mtu mzima, alimnong'oneza sikioni mahaba ni nini kwa Kiswahili. Niliona damu ikiondoka usoni mwa Fundi, ikarudi yote kwa pamoja. Akatazama nje kwenye benchi.

"Mimi nimeita hiyo... barabarani?"

"Kila siku," nikasema.

"Kinyozi amesikia?"

"Na wateja wake."

Akakaa juu ya sanduku la bisibisi, akafunika uso kwa kitambaa cha kufutia mafuta. Tulipotoka alifunga mlango, na huo ulikuwa mchana kweupe.

Kazi ya kumweleza shemeji yangu iliniangukia mimi, mkubwa wa familia. Nilimkuta anajaza mto. Nikazungukazunguka kwanza, nikasifia kitambaa, nikalaumu jua. Akasema, "Shemeji, sema." Nikasema.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni soga."

"Ni soga, shemeji."

"Sikutongozwa."

"Hukutongozwa."

"Na yule wa mbao nimeshamkataa." Akachukua sindano, akaanza kuufunga mto ule, na alipofika mwisho ndipo nilipoona kuwa ameushona ukiwa nusu mtupu. Hakuufumua. Aliuweka pembeni.

"Mzee wa Mbao hajakata tamaa," mwanawe akadakia kutoka mlangoni. "Ameniambia neno lake lipo pale pale. Aje?"

"Na aje," akasema.

Siku zilizofuata nilipita pale kila asubuhi, nikijifanya natoka sokoni. Saa nne ikifika Mama Mito alitoka na birika, akakaa upande wake wa benchi. Mlango wa Fundi umefungwa. Ndani unasikia nyundo ndogo, tik, tik, kisha kimya, kama mtu anayesikiliza. Siku moja nilikaa naye ili asiwe peke yake. Nikatafuta la kusema, nikajikuta nalaumu sponji tena.

"Shemeji," akanikatiza, "wewe umesoma vitabu. Niambie. Sijui nimeumia kwa kuwa hakunipenda, au nimeumia kwa kuwa hasemi nami tena. Nikijaribu kuyatenganisha, yanang'ang'aniana kama sufi mbichi."

Nikamwambia kuwa zamani mambo haya hayakuwa na utata, kwamba mtu aliposwa, akaolewa, akajua yuko wapi.

"Mimi niliolewa na ndugu yako," akasema, "na sikujua niko wapi."

Nilikunywa chai ambayo ilikuwa imeshapoa. Nilitaka kumtetea marehemu, na nilipofungua kinywa sikupata hata sentensi moja ya kwake ya kumtetea nayo.

Mzee wa Mbao akaja. Amevaa koti, viatu vinang'aa. Mimi nilikaa kama mkubwa wa nyumba, mtoto wa ndugu yangu akakaa karibu na mlango, Mama Mito nyuma ya cherehani yake. Chai ikamiminwa. Mgeni akakunja mikono kifuani. Ukuta wa chumba kile ndio ukuta wa karakana ya Fundi pia, na nyundo ilikuwa ikigonga upande wa pili.

"Mvua ikinyesha," Mzee wa Mbao akasema baada ya muda mrefu, "mbao huvimba."

"Kweli kabisa," nikasema.

Tukakaa.

"Jua likiwaka, hukauka."

"Nazo hukauka," nikasema.

Alikuwa akitazama ukuta. Nikashtuka, maana mikono ile iliyokunjwa na macho yale yaliyotulia niliyafahamu tangu utotoni. Nikamtazama shemeji yangu nikaona kuwa na yeye ameona. Hakukasirika. Alimuuliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayeuliza kipimo cha mto, "Mzee mwenzangu, ukirudi nyumbani jioni, huwa unazungumza nini?"

"Na nani?"

"Na mkeo, ukiwa naye."

Mtu yule alijitahidi. Niliona jasho likimtoka karibu na sikio. Hakutaka kudanganya. "Yatakayohitajika," akasema.

Mama Mito akaitikia kwa kichwa. Akachukua rula ya mbao ya kupimia vitambaa, akainuka, akaenda kwenye ukuta, akaugonga kwa nguvu mara kadhaa mpaka vumbi la sufi likatutimkia.

"Fundi! We Fundi Cherehani! Chai iko tayari! Njoo tufanye mahaba!"

"Mama!" akaruka mwanawe.

Nyundo ikanyamaza upande wa pili. Nje, kwa kinyozi, mikasi nayo ikanyamaza. Mama Mito alisimama pale na rula yake, na mimi sikujua amelitumia neno lile kwa Kiswahili au kwa Kituruki. Nilimtazama usoni nitafute, nikaona kama na yeye anajitafuta.

Mlango wa karakana ukalia. Fundi akasimama kizingitini, kofia mkononi, mafuta shavuni. Akanitazama mimi kwa hofu, akamtazama mgeni, kisha akamtazama yeye.

"Mama Mito," akasema polepole, akichagua kila neno. "Mahaba ya kwenu, au muhabbet ya kwetu?"

"We njoo kwanza," akasema Mama Mito, huku ameshashika birika. "Tutajua tukishakaa."

Wakatoka. Sisi wanaume watatu tukabaki na vikombe vyetu. Mzee wa Mbao akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, nami nikamsindikiza hadi kona kwa heshima. Hakuwa na hasira. Kule konani akasimama, akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Hayo wanayofanya pale benchini, mzee mwenzangu. Mtu hujifunzia wapi?"

Nilitaka kumwambia palikuwa na mabenchi. Nikamwambia sijui.

Niliporudi, mtoto wa ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, kichwa mikononi. "Baba mkubwa, watu wakiniuliza niwaambie ni nini?"

"Waambie ni Kituruki."

"Ni Kituruki kweli?"

Niliinama karibu na lile benchi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, kiatu ambacho hakina kamba. Walikuwa wakibishana juu ya mafuta. Mama Mito anasema mafuta aliyotiliwa na Fundi yanachafua nyuzi nyeupe, Fundi anaapa kuwa cherehani ndiye mchafu, yeye anamwambia mwongo mkubwa we, na wote wanacheka. Kisha wakamalizana na mafuta, wakapunguza sauti, na yaliyofuata sikuyasikia.